Mwaka Niliomsomea Mabula

Simu ilinikuta nikipepeta mchele. Alikuwa Neema, mtoto wa dada yake Mabula, binti ambaye sikuwa nimeisikia sauti yake kwa muda mrefu. Alisema shikamoo, akasema shikamoo tena kana kwamba ile ya kwanza haikufika, na hapo nikajua. "Mjomba ametutoka asubuhi hii," akasema. "Mama amesema katika watu wa Shinyanga, wewe uambiwe wa kwanza." Nikauweka ungo chini. Mume wangu alikuwa barazani akisikiliza redio. Nilipomwambia kwamba Mabula amefariki, yule niliyefanya naye kazi kwa Mama Swaumu, aliizima redio, akauliza mazishi ni lini, akasema niende Buseresere, yeye atabaki na watoto. Hakuuliza zaidi. Ni muungwana, na kwa miaka yote ya ndoa yetu amejua kwamba kuna mwaka mmoja katika maisha yangu ambao siusimulii ila kwa juujuu. Nauandika sasa kwa sababu wengine wote waliokuwa ndani ya chumba kile cha kazi wameshaondoka duniani.

Mama Swaumu alikuwa na duka la fotokopi na vifaa vya shule jirani na soko, upande wa kwenda stesheni. Nyuma ya duka palikuwa na chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya karatasi, na humo aliweka meza mbili, kompyuta mbili, feni iliyokoroma kama mgonjwa, na pazia la kanga badala ya mlango. Alikuwa mtu wa Pangani aliyeletwa Shinyanga na ndoa, akabaki na biashara baada ya ndoa kwisha. Aliona kwamba wenye hoteli, wenye shule za binafsi na wanunuzi wa dhahabu wa kule Geita wote wameanza kutaka websaiti, hata wale wasiojua ni ya kazi gani, akaamua kuwatengenezea. Mabula alinitangulia pale kwa miezi kadhaa. Siku niliyoanza kazi alisimama kunipisha, mrefu, shati limepigwa pasi ya mkaa mpaka limekakamaa, akaniamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Nami mtoto wa mjini nikajibu, "Salama." Alicheka kwa upole, akanifundisha kwamba neno hilo hurudishwa lilivyo. Tangu hapo kila asubuhi tulianza nalo. Chumba kilinuka wino wa mashine na samaki wa kukaangwa kutoka kwa mama lishe wa jirani, na msimu wa pamba, malori yakipita, nyuzi nyeupe ziliingia dirishani zikatua juu ya kibodi, naye akazipuliza huku akiendelea kuandika.

Ugomvi wetu ulianza wiki ya kwanza, na ulikuwa ugomvi wa zana. Mama Swaumu alikuwa amenunua programu ya kusanifia kurasa, ile ambayo unaiburuta picha kwa kipanya mpaka unapoitaka, unachagua rangi pembeni, unapanua kisanduku, na ukurasa unauona ukijengeka mbele yako kama mtu anayepanga sebule. Niliipenda tangu nilipoifungua. Mabula hakuigusa. Yeye alifungua ile programu nyeupe ya maandishi matupu, isiyo na pambo lolote, akaandika kila kitu kwa mkono: alama ya kufungua aya, maneno yenyewe, alama ya kufunga aya, mstari baada ya mstari, na ukurasa hauonekani mpaka amalize. Mimi ukurasa wa hoteli niliumaliza kabla ya chakula cha mchana. Yeye saa hizo alikuwa bado yuko kwenye kichwa cha habari.

"Kwa nini unajitesa?" nilimwuliza.

"Sijitesi. Nikiandika mwenyewe najua kila kitu kimekaa wapi. Hiyo yako inaandika mambo yake kimyakimya. Siku ikiharibika utaanza kutafuta wapi?"

"Nitasogeza picha, itakaa sawa."

"Haya. Sogeza."

Mama Swaumu alichungulia kwenye pazia. "Mnabishana nini tena?"

"Kodi, mama," nikasema. "Mabula anataka kuandika kodi, hizi alama za ukurasa, kwa mkono, na programu ipo."

"Msilitaje hilo neno kwa sauti," akasema. "Kila mkisema kodi moyo unanipasuka, nadhani mwenye nyumba kaingia. Andikeni mnavyojua, mradi mteja asichoke kungoja."

Siku hizi mwanangu wa kwanza anatengeneza tovuti kwa simu akiwa amelala kochini, na akinikuta naandika alama moja moja ananishangaa, kwa sababu mimi niliyekuwa mtu wa kuburuta picha nimeishia kuwa mtu wa kuandika. Huwa namwambia nilifundishwa hivyo. Simwambii na nani. Mwaka ule nilimdhania Mabula kuwa ni mtu mwenye majivuno ya fani, wale wanaoona aibu kutumia kitu rahisi. Na kulikuwa na mambo niliyoyaona bila kuyaelewa. Kipanya chake kilikuwa kimegeuzwa chali, kimejaa vumbi. Alikaa ameukaribia mno uso wa kompyuta, na maandishi ameyakuza mpaka yakawa kama ya bango. Mchana tulipoletewa ugali, mboga ikiwekwa kushoto kwake alikula ugali mkavu, mpaka nilipomsogezea bakuli, naye akasema, "Ah, kumbe ipo," kwa sauti ya mtu aliyekuwa na mawazo. Nilidhani ni mawazo.

Kiangazi kilipokolea tulipata kazi ya kikundi cha wachimbaji wadogo wa Nyarugusu. Walitaka ukurasa wa kuonyesha maeneo yao na makarasha yao, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, ili mnunuzi wa mbali awaone bila kupitia kwa dalali. Mama Swaumu akachoka na ubishi wetu. Alisema kila mmoja atengeneze wake, twende nazo zote mbili, mteja achague. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mama mmoja aitwaye Mama Kulwa, mwenye duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, na karasha mbili zilizotoa mshindo tangu asubuhi mpaka jioni, hivi kwamba watu wa pale huongea kwa kupaza sauti hata wakiwa msibani. Alitukaribisha kwenye banda la mabati, akatuletea soda, akatoa simu yake. "Mimi sitaki kuona kwenye kompyuta yenu," akasema. "Nataka kuona hapa, maana wenzangu wote wanatumia hii."

Akaufungua wangu kwanza. Tukangoja. Mtandao wa pale ulikuwa wa kusuasua, na mimi nilikuwa nimejaza picha kubwa za mawe na za jua likichwa. Mama Kulwa aliishika simu kama mtu anayesubiri maji kwenye bomba lililokatika. "Mwanangu, hizi picha zinakuja lini?" Zilipokuja hatimaye, wachimbaji walikusanyika nyuma yake, wakasema ni nzuri gete, nzuri kabisa, na mmoja akamwomba arudie waone tena. Kisha akaufungua wa Mabula. Ulitokea mara moja: maandishi, namba za simu, picha moja ndogo. Akausoma wote, akatutazama. "Nataka uzuri wa huyu binti na wepesi wa huyu kijana," akasema. "Kaeni pamoja mnitengenezee mmoja." Mabula akatabasamu, nami nikatabasamu kwa shingo upande, na Mama Kulwa akasema kwanza twende tukaone duara lake, tusije tukaandika kitu tusichokijua.

Nyarugusu ardhi imetobolewa kila mahali. Mashimo mengine yanafanya kazi na yamezungushiwa magogo, mengine yameachwa, yamebaki wazi katikati ya njia, na wenyeji wanayakwepa bila hata kuyatazama. Tulikuwa tukitembea nyuma ya Mama Kulwa, Mabula kulia kwangu, tukizungumzia picha. Ghafla nilimwona akielekea pembeni taratibu, akiongea bado, na mguu wake wa kulia ukatua kwenye ukingo wa shimo. Nilimkamata shati, nikamvuta, tukaanguka wote juu ya kifusi. Mawe tuliyoyasukuma yalishuka, na ilichukua muda kabla hatujayasikia yakifika chini. Mama Kulwa alirudi mbio akimgombeza kwa Kisukuma. Mabula alikaa pale chini, anapangusa mikono yake polepole. Mama Kulwa alipotangulia tena, akasema bila kunitazama, "Zuhura, naomba nishike mkono mpaka tutoke hapa. Pembeni sioni."

Nikamshika. Aliniambia yote njiani, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza ramani. Ilikuwa presha ya macho. Alikuwa ameanza kuona kama anayechungulia kwenye bomba: katikati pako wazi, pembeni hakuna kitu, hata giza hakuna, hakuna tu. Na bomba lilikuwa likizidi kuwa jembamba. "Programu yako ina rangi kulia, zana kushoto, menyu juu," akasema. "Nikikitafuta kimoja nimepoteza vingine vyote. Mshale wa kipanya unaweza ukanipotea asubuhi nzima. Lakini maandishi yanakaa kwa mstari. Mstari mmoja nauweza bado."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Mama Swaumu ameniajiri nitengeneze vitu vya kutazamwa."

Kuanzia siku ile tulifanya kazi pamoja kwa namna ambayo sijafanya na mtu mwingine tena. Mimi nilichora sura ya ukurasa kwenye programu yangu, kisha nikamsomea yale yaliyoandikwa nyuma yake. "Fungua kisanduku. Fungua kisanduku tena ndani yake. Fungua cha tatu. Picha." Naye, amefumba macho, kichwa ameegemeza ukutani, anasema, "Hicho cha pili hakina kazi, kitoe. Cha tatu kimefungwa wapi?" Nikirudi kutazama nilikuta kweli hakikufungwa. Tulikula michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga kutoka kwenye mfuko mmoja, na nilizoea kuuweka mfuko katikati, mbele yake kabisa. Ukurasa wa Mama Kulwa ulikuwa mzuri na ulikuwa mwepesi. Alitupigia simu kuusifu, kisha akatuletea wateja wengine kutoka Nyarugusu na Geita mjini. Nilikuwa nikiamka asubuhi nikiwa na haraka ya kufika kazini. Sikujiuliza kwa nini.

Lakini kazi ya mtu mmoja sasa ilikuwa ikifanywa na watu wawili, na Mama Swaumu hakuwa mjinga. Siku moja nilikuwa nyuma ya rafu natafuta karatasi, nikamsikia akiongea na dada yake kwa simu. "Kijana mzuri, ana adabu," alisema, "lakini siku hizi anamtegemea huyu binti kwa kila kitu. Anakaa amefumba macho, mwenzake ndiye anasoma. Mwisho wa mwezi nitamwachia aende, ingawa roho inaniuma." Nilirudi kwenye chumba chetu nikamweleza Mabula nilichosikia. Akanyanyuka, akalipapasa pazia, akaenda dukani. Nilisikia sauti yake, kisha sauti ya Mama Swaumu ikisema, "Na muda wote huu unapanda ngazi zangu hizi mbovu?" Hakumwachisha. Alifunga duka siku iliyofuata, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa homa, akampeleka Mwanza kwa daktari wa macho.

Walirudi na habari ambayo Mabula alikuwa nayo nusu tu. Zamani aliwahi kupewa dawa ya matone, akaitia kwa muda mrefu, akaona macho hayaongezeki kuona, akaiacha. Hakuna aliyekaa naye akamfafanulia kwamba dawa ile haikuwa ya kurudisha kilichopotea. Ilikuwa ya kukilinda kilichobaki. Daktari wa Mwanza ndiye aliyemweleza, na kilichobaki kilikuwa kidogo. "Alinieleza vizuri sana," Mabula aliniambia. "Ningemkuta huyu mapema." Mama Swaumu aliketi kwenye stuli mlangoni, ushungi ameuvuta mpaka usoni, akasema, "Tuleni kwanza," na mama lishe alipoleta chakula hakuna aliyekula isipokuwa Mabula mwenyewe, ambaye alikula taratibu ili sisi tusijisikie vibaya.

Mvua zilipoanza, bomba lile lilikuwa limefika mahali ambapo herufi moja ilijaza uwezo wake wote. Aliacha kuandika. Alinifundisha tu. Kila alichokijua alinipa kwa mdomo, kwa haraka ambayo hakuwahi kuwa nayo, na mimi niliandika kwenye ile programu nyeupe niliyokuwa nikiidharau. Dada yake, Mama Neema, alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba atakuja kumchukua aende naye Buseresere. Jioni moja mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu, Mama Swaumu ameshusha mapazia ya duka, nami nilikuwa namsomea mistari ya ukurasa wa shule.

"Zuhura," akasema, "ningekuwa naona, ningetuma mtu kwa wajomba zako."

Niliumaliza mstari niliokuwa nausoma. "Wajomba zangu wangeuliza dini kwanza," nikasema. "Macho wangeyafikia baadaye."

"Wangekuwa na haki kwa yote mawili."

"Wao wana yao. Mimi hujaniuliza."

"Nikikuuliza utakubali, ndiyo maana siulizi. Nitakuwa nimekuoa ili unisomee."

"Si nakusomea sasa hivi?"

"Sasa jioni ikifika unaenda nyumbani," akasema. "Endelea. Tumefika wapi?"

Nikaendelea, kwa kuwa sikujua la kufanya. Nilisoma mpaka mwisho wa ukurasa. Wiki ile ile Mama Neema alikuja, mwanamke mnene mwenye mikono ya mtu anayelima mwenyewe, akafungasha nguo za Mabula kwenye begi moja. Stendi tuliagana mbele za watu, kwa hiyo tuliagana kwa mkono. Alinishukuru kwa kazi. Mwaka wa pili baada ya hapo wajomba zangu walipokea posa ya mume wangu, nikakubali, na sijajuta, maana kumpenda mtu mmoja hakukunizuia kumwona mwingine kuwa mwema.

Tuliwasiliana kwa simu sikukuu kwa sikukuu. Miaka mingi baadaye nilisikia kwamba kuna programu inayosoma maandishi ya kompyuta kwa sauti, inataja kila herufi na kila mstari, na vipofu wanaitumia kufanya kazi. Nililia dukani nilipoambiwa hivyo. Nilinunua kompyuta ndogo ya mtumba, nikaiweka programu ile, na mume wangu mwenyewe akanisindikiza Buseresere kuipeleka. Ile sauti ilikuwa ya Kizungu na ilikisoma Kiswahili vibaya mno. Mabula alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini alama za ukurasa ilizitaja sawasawa, fungua na funga, naye vidole vyake vilikumbuka. Aliandika ukurasa wa kwaya ya kanisa lao, akauandika wa duka la pembejeo la pale njiani. Zilikuwa kurasa za maandishi matupu, hazina rangi. Hakuwa na habari na rangi tena. Aliniuliza siku ile, mume wangu akiwa nje, kama nina furaha. Nikamwambia ninayo. Akasema, "Vizuri," na tukarudi kwenye mistari.

Nilifika Buseresere siku moja kabla ya mazishi. Figo ndizo zilizomchukua, kwa muda mfupi. Nilikaa na wanawake kwenye mkeka, mwenye mtandio peke yangu katikati ya wanakwaya, nao wakanisogelea ili nisijione mgeni. Tulimzika adhuhuri, chini ya wingu zito ambalo halikunyesha. Baada ya watu kupungua Mama Neema aliniita chumbani kwake, akafunga mlango, akakaa kitandani karibu nami. Amezeeka sasa, na mikono yake imejaa mishipa.

"Wifi," akasema, kisha akajishika mdomo. "Nisamehe. Nimekuita hivyo moyoni miaka yote."

Nikamwambia hakuna cha kusamehe.

"Alikwenda," akasema. "Hakutaka ujue, lakini sasa hayupo wa kunikataza. Alikaa hapa mwaka mzima hasemi kitu, halafu siku moja akaniambia, dada, nipeleke Shinyanga, nikawaone wajomba zake Zuhura, wakinikataa wanikatae nikiwa nimesimama mbele yao. Nikamnunulia shati jipya. Tulipofika akasema tupite kwanza dukani kwa Mama Swaumu, atuelekeze nyumbani. Mama Swaumu akatukaribisha, akakaa nasi. Mwisho akatuambia posa imeshapokelewa, na ndoa ni wiki ile inayokuja. Wewe ulikuwa umeomba ruhusa, hukuwepo kazini."

Nilijaribu kuikumbuka siku hiyo, na sikuweza. Huenda nilikuwa kwa fundi nikipimwa nguo. Huenda nilikuwa nyumbani nimelala. Nilimkumbuka Mama Swaumu tu, jinsi alivyonikumbatia siku ya harusi yangu kwa muda mrefu kuliko wote, nami nikadhani ni furaha.

"Alisema nini?" niliuliza.

"Alisema tu, 'Vizuri.' Akamwomba Mama Swaumu asikuambie, naye akaapa. Halafu wakakaa wanaongea habari za kazi, hivyo tu, mpaka wakati wa basi letu."

Huko nje wanawake walikuwa wakiosha masufuria na mmoja alikuwa akiimba chinichini. Nilikuwa na maswali mengi, lakini lililotoka mdomoni lilikuwa dogo. Nilimwuliza kama siku ile alikula.

"Alikula," Mama Neema akasema. "Mama Swaumu aliagiza wali na samaki kwa yule jirani yake. Akamtolea miba mwenyewe, akamwekea sahani mbele. Alikula akamaliza."

Nilimshukuru Mungu kwa hilo, kwamba ile safari yote ya kurudi hakuifanya akiwa na njaa.